Makasia Yalikuwa Ndani

Hotuba iliyotolewa ukumbini mjini Moshi, Julai 25, Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani

Tumsifu Yesu Kristo! Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum! Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Akina mama wa Mbuyuni mlioacha meza zenu na wateja wenu mkaja kunisikiliza, nawashukuru sana. Vijana wa bodaboda mliosimama mlangoni, ingieni jamani, viti vipo.

Niliposhuka kwenye daladala leo, mzee mmoja ambaye namwona yuko hapa alinishika mkono akaniuliza: "Mwalimu, nasikia leo unatuletea habari za boti za uokoaji. Sisi watu wa mlimani, boti tutaifanyia nini?" Ni swali la haki, naomba nianze nalo.

Baba, mvua inayonyesha Meru inateremka na Mto Kikuletwa. Inayonyesha huku kwetu inateremka na Karanga, inateremka na Weruweru, mito ambayo unavuka madaraja yake kila ukienda Boma. Maji hayo hayapotelei porini. Yanakwenda kulala Nyumba ya Mungu, kwenye lile bwawa lililojengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na kutawala maji ya Mto Pangani. Bwawa lilipojaa, samaki wakajaa, na wavuvi wakaja kutoka huku na huku. Wakaoa, wakajenga, wakazika watu wao pale. Perege anayekaangwa mjini hapa jioni ametoka kwenye maji yaliyopita mlangoni kwako. Kwa hiyo mtu akizama kule, baba, amezama kwenye maji yetu.

Mimi ni mtoto wa kule. Nilizaliwa kambini, kando ya bwawa, na wengi wenu hamjui hilo kwa sababu mmenifahamu nikiwa na chaki mkononi. Nina jambo ambalo sijawahi kulisema mbele ya watu, na leo nalisema.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa alasiri, upepo ulikuwa umeanza kuchafua maji. Baba yangu mdogo na mwenzake walikuwa wametoka kwenda kutazama nyavu. Mtumbwi wao ulipinduka tukiwa tunawaona. Hawakuwa mbali. Ukiwa umesimama pale ufukweni ungeweza kutambua rangi ya shati lake. Mwenzake aliogelea akafika. Baba mdogo alikuwa hajui kuogelea vizuri, alikumbatia dumu la njano, lile la mafuta ya kula, ambalo kule tunalifunga kwenye nyavu lielee. Akawa amelishika anapiga kelele. Akina mama wakapiga yowe. Kambi nzima ikakimbilia majini.

Sasa nisikilizeni vizuri. Pale mchangani ilikuwa imepumzishwa mitumbwi saba. Saba! Na wanaume walikuwepo, wenye nguvu, waliozaliwa na maji. Lakini hapakuwa na kasia hata moja. Kasia lilikuwa likiibiwa sana wakati ule, kwa hiyo kila mwenye mtumbwi akitoka majini anabeba makasia yake, anakwenda kuyaweka uvunguni au nyuma ya mlango, anafunga. Watu wakaanza kukimbia kila mmoja nyumbani kwake. Mwingine ufunguo uko kwa mke, mke yuko mnadani. Mimi nilitumwa kwa jirani yetu. Nikalikuta kasia nyuma ya mlango, nikaliweka begani, refu kuliko mimi, ncha yake inaburuza chini, nikakimbia. Nilipofika karibu na maji nikakutana na watu wanarudi. Hakuna aliyeniambia kitu. Mtu mmoja alilichukua lile kasia begani kwangu, taratibu, akaliweka chini. Kule majini dumu lilikuwa linaelea peke yake.

Nimekaa na jambo hilo miaka mingi. Nilikuwa najiuliza tulikosa nini. Ujasiri? Hapana, wawili walijitupa kwenye maji kwa miguu yao wakashindwa na mawimbi. Huruma? Kambi nzima ililia usiku kucha. Vyombo? Mitumbwi ilikuwa saba. Tulichokosa ni kitu ambacho mtu hukipanga siku ambayo hakuna anayezama. Nilipokuja kulielewa hilo, nikaanza kusoma jinsi watu wa nchi nyingine walivyofika pale sisi tulipokwama, na ndiyo habari niliyowaletea.

Huko Uingereza, kaskazini mashariki, kuna mji wa South Shields, mdomoni mwa Mto Tyne. Mwaka 1789 meli iitwayo Adventure ilikwama pale mtoni katika dhoruba. Maelfu ya watu walisimama ufukweni wakiangalia. Mabaharia walikuwa wanadondoka majini mmoja mmoja, karibu kabisa, na hakuna chombo kilichothubutu kutoka. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje. Nilikuwa nimeuona ufukwe wetu.

Wale watu hawakuishia kulia. Walitangaza zawadi kwa atakayebuni chombo kisichozama kwenye mawimbi kama yale. Fundi Henry Greathead akatengeneza boti, wakaipa jina Original, na mwaka 1790 ikaanza kazi. Miji mingine ikaagiza za kwao. Mojawapo ni Penzance, mji wa bandari kwenye mkoa wa Cornwall, ncha ya kusini magharibi ya Uingereza. Penzance ilinunua boti yake mwaka 1803, ya kwanza katika Cornwall yote. Mwaka 1812 boti hiyo ikauzwa ili kulipa deni.

Nawaomba mkumbuke kipande hicho, kwa sababu kwetu kinatokea kila siku. Boti walikuwa nayo. Walichokuwa hawana ni watu waliokubaliana nani atatoka nayo, nani ataitunza, na fedha ya kuitunza itatoka wapi kila mwaka. Ni sawa na pampu ya kisima tunayokabidhiwa kwa ngoma na vigelegele, na mwaka wa tatu unakuta kuku wamelalia juu yake.

Aliyelielewa jambo hilo mapema ni Sir William Hillary, aliyekuwa akiishi kisiwa cha Man. Machi 4, 1824, kwenye mkutano uliofanyika London, ikaundwa taasisi ya taifa zima ya kuokoa watu wanaovunjikiwa meli, ambayo leo inajulikana kwa kifupi RNLI. Hillary hakuwa mtu wa kutoa hotuba tu kama mimi. Mwaka 1830, akiwa na umri wa karibu miaka 60, alitoka mwenyewe na boti kwenda kuokoa watu wa meli St George, akatupwa majini, akavunjika mbavu, na watu wa meli ile wote wakaokolewa. Taasisi aliyoianzisha imetimiza miaka 200 mwaka 2024. Ina vituo zaidi ya 230 Uingereza na Ayalandi. Imeokoa maisha ya watu zaidi ya 140,000. Na wanaotoka na boti hizo, karibu wote ni watu wa kujitolea: mvuvi, muuza duka, dereva, mwalimu.

Nataka tukae kidogo kwenye kituo kimoja tu, cha kule kule Cornwall, maana ndicho kilichonifanya niandike barua za kuwaiteni hapa.

Baada ya Penzance kuuza boti yake, ilichukua miongo kadhaa kupata nyingine chini ya RNLI. Kituo kilihamahama, mwaka 1908 kikapelekwa Newlyn, bandari kubwa ya uvuvi, na mwaka 1913 kikajengewa nyumba Penlee, kwenye mwamba nje kidogo ya kijiji cha wavuvi kinachoandikwa Mousehole, ingawa wenyewe hukitamka Mauzel. Nyumba yenyewe ilikuwa na mteremko unaoshuka hadi baharini. Boti inakaa ndani kavu, ikiitwa inaachiwa, inateleza kwa uzito wake na kuingia majini. Hakuna kutafuta kasia nyuma ya mlango wa mtu.

Desemba 19, 1981, meli mpya iitwayo Union Star, ikiwa katika safari yake ya kwanza, ilikuwa imebeba mbolea kutoka Uholanzi kwenda Ayalandi. Maji ya bahari yakaingia kwenye mafuta, injini ikazima. Ndani walikuwemo watu wanane, akiwemo nahodha na mkewe na mabinti wawili wa mke wake. Upepo ulikuwa wa kiasi cha kilomita 160 kwa saa. Mawimbi yalikuwa ya mita 18. Hesabuni ghorofa sita, kisha ifikirieni hiyo nyumba inatembea, inakufuata. Helikopta ya jeshi la majini ilijaribu kuwavuta watu juu ikashindwa, maana mlingoti wa meli ulikuwa ukiyumba karibu na mapanga yake.

Kituo cha Penlee kikaitwa. Wanaume kumi na wawili walifika. Nahodha wao, Trevelyan Richards, alikuwa mvuvi. Boti yao, Solomon Browne, ilikuwa ya mbao. Alihitaji watu saba. Akawachagua. Mmoja alikuwa fundi wa simu. Mwingine, Charlie Greenhaugh, alikuwa na baa pale kijijini. Kulikuwa na kijana wa miaka 17, Neil Brockman, naye alikuja mbio, lakini baba yake Nigel alikuwa ameshachaguliwa. Nahodha akamkatalia. Usiku kama ule hakuchukua wawili kutoka nyumba moja.

Wazee wangu, mnaona hapo? Mtu amesimama mlangoni, bahari inanguruma kama vile, na bado anakumbuka hesabu ya mama atakayebaki nyumbani. Hekima hiyo haikuja usiku ule. Mtu anakuwa ameshaibeba muda mrefu kabla ya usiku ule.

Saa mbili na dakika kumi na mbili usiku waliachia boti. Walikwenda mpaka ubavuni mwa meli, wakajaribu mara nyingi kuisogelea katikati ya mawimbi yale, boti ikabamizwa, ikarushwa mpaka juu ya meli ikateleza kurudi majini, wakajaribu tena. Kwenye redio walitoa taarifa kwamba wameshawatoa watu wanne. Kisha redio ikanyamaza. Walinzi wa pwani waliita na kuita, hawakujibiwa. Vituo vya jirani vikatoa boti zao kwenda kuwatafuta, katika bahari ile ile. Watu wote wanane wa Solomon Browne walikufa, na wote wanane wa Union Star.

Kesho yake, kabla kijiji hakijamaliza kulia, walishajitokeza watu wa kutosha pale Mousehole kuunda kundi jipya. Nimelisoma hilo mara nyingi na kila nikilisoma nanyamaza kidogo. Yule kijana aliyekataliwa, Neil Brockman, aliingia katika kazi ile ile iliyomchukua baba yake, na baadaye akawa nahodha wa boti ya kituo hicho. Mwaka 1983 boti ilihamishiwa Newlyn, kwenye maji yenye nafasi ya chombo kikubwa zaidi, lakini kituo kikabaki na jina lile lile la Penlee. Na kila Desemba 19, taa za Krismasi za bandari ya Mousehole huzimwa kwa saa moja.

Sikuwaletea habari hii ili tuwaonee huruma Waingereza. Nimewaletea kwa sababu ya wale kumi na wawili. Waliitwa wakaja, na walipokuja walijua mlango uko wapi, boti inaachiwaje, nani anaamua. Baba yangu mdogo alikuwa na watu zaidi ya kumi na wawili ufukweni, nao walikuwa wanampenda.

Kuna la pili, nalo ni la ninyi mnaosema hamjui maji. Desemba 1886, kwenye pwani ya kaskazini magharibi ya Uingereza, meli ya Kijerumani Mexico ilikwama, na boti za uokoaji tatu zikatoka. Mbili zilipinduka, ya Southport na ya St Annes. Walikufa waokoaji 27 usiku mmoja. Ya tatu, ya Lytham, ndiyo iliyofika ikawatoa watu wote 12 wa Mexico. Charles Macara, mwenye viwanda vya pamba aliyekuwa akiishi St Annes, akaona wajane na yatima, akaona pia kwamba mzigo wote unabebwa na vijiji vya pwani na matajiri wachache. Akaenda kuomba Manchester. Manchester haina bahari. Ni mji wa bara, mji wa nguo na moshi wa viwanda. Oktoba 1891, siku ya Jumamosi, boti za uokoaji zilipitishwa barabarani, na akina mama wakapita na mifuko, mingine imefungwa kwenye fito ndefu ili kuwafikia watu waliokuwa juu ya magari na madirishani. Zilipatikana zaidi ya pauni 5,000 kwa siku moja. Uchangishaji wa barabarani, huu ambao leo tunauona wa kawaida, ulianza kuzoeleka kwa Jumamosi ile.

Kwa hiyo, mzee wangu wa pale kwenye daladala, mtu asiye na bahari kazi yake ni hiyo.

Na msidhani kwetu hakuna waokoaji. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, watu zaidi ya 200 walipotea. Waliokolewa 41, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na wanakijiji. Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, mitumbwi ya wavuvi ndiyo iliyotangulia. Walipona 24. Watu wa maji wa nchi hii wanakwenda, hawasubiri kuambiwa. Wanakwenda bila jaketi okozi, bila kamba, bila redio, wengine bila kasia la pili. Umoja wa Mataifa uliitangaza siku hii ya leo mwaka 2021, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka huo huo watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Wengi wao hawakuwa kwenye meli. Walikuwa kwenye mtumbwi, mtoni, bwawani, kisimani.

Kuhusu jaketi nitasema neno moja kwa vijana wanaosema linabana. Mwaka 1861, kwenye mji wa Whitby, boti ya uokoaji ilitoka mara tano siku moja ikaokoa watu, ikatoka mara ya sita ikapinduka. Ndani walikuwa watu 13. Akapona mmoja, Henry Freeman. Ndiye peke yake aliyekuwa amevaa jaketi jipya la gome linaloelea. Basi.

Sasa niseme tulipofikia sisi. Pale kwenye mwalo wetu wamejitokeza watu kumi na wanne, wanawake watatu wamo, wote wanajua kuogelea na wote wana simu. Wamegawana siku. Wamekubaliana nani anaamua kutoka na nani anaamua kutotoka, na wakaweka kanuni ile ya nahodha Richards, kwamba upepo ukiwa mkali hawatoki wawili wa nyumba moja. Hiyo niliwasomea tu, wao wenyewe wakasema iandikwe. Mtumbwi mmoja umetolewa na mwenyewe, utakaa pale pale, hauendi kuvua. Mafuta ya mashine yatakuwa kwenye dumu lenye lakiri.

Linajengwa banda dogo hatua chache kutoka majini. Halina mlango. Tumebishana sana juu ya mlango, wiki mbili nzima. Wengine walisema bila kufuli makasia yataibiwa kama zamani. Mzee mmoja wa kambi, ambaye alikuwepo siku ile niliyowasimulia, akasema tuyapake rangi nyekundu toka juu mpaka chini, kila kasia, ili mtu akionekana nalo popote bwawani ajulikane ametoa wapi. Tukakubaliana hivyo. Banda litakuwa na ndoano kumi na mbili, kamba mbili ndefu, jaketi kumi na nne, na ubao wenye majina na namba za simu.

Kazi yenyewe tunaifanya kwa msaragambo, kama wazee wetu walivyochimba mifereji huku mlimani. Mnajua nyote mfereji unavyochimbwa: yule ambaye shamba lake liko juu, maji yanamfikia kwanza, naye anakuja na jembe lake mpaka wa mwisho chini apate. Mbao tunazo. Misumari ipo. Makasia sita yamechongwa, manne bado hayajakauka rangi. Jaketi tumepata tano, zimebaki tisa. Mabati yamepungua manne.

Gari linaondoka stendi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na nafasi zipo kwa mwenye mikono. Mwenye bati, au mwenye fedha ya jaketi, daftari liko kwa yule mama aliyekaa karibu na mlango, mwenye kitenge cha bluu. Aandike jina lake na namba yake, na kama anajua kuogelea aandike hilo pia.